Steringi hafi na wote tunajua: Better Call Saul ilitutiaje hofu kwenye ufunguzi wa msimu wa mwisho?

Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini filamu ikiisha atakuwa amesimama. Ukianza kumlilia mapema wenzako watakucheka.

Sasa chukua tamthilia ambayo sheria hiyo imewekwa mezani tangu siku ya kwanza. Steringi wake ni wakili anayeitwa Saul Goodman. Wewe mtazamaji tayari umemwona akiwa mzima, tena na umri mkubwa zaidi, kwenye tamthilia nyingine iliyotangulia. Kwa hiyo hata akiwekewa bastola kichwani unajua hapigwi. Hata akiachwa jangwani bila maji unajua atarudi.

Mbona basi usiku wa Aprili 18, 2022, Better Call Saul ilipofungua msimu wa 6 ambao pia ulikuwa wa mwisho, watu walikaa roho juu?

Jibu lipo kwenye jinsi ufunguzi ule ulivyopangwa. Na ukilielewa, utaziangalia kwa jicho jingine tamthilia zote zinazozaliwa na tamthilia nyingine, ikiwemo familia nzima ya Power ambayo huku kwetu ina mashabiki wake wa kufa na kuzikana.

Angalizo kabla hujaendelea: tutazungumzia Breaking Bad, misimu mitano ya kwanza ya Better Call Saul na sehemu mbili za kwanza za msimu wa 6. Baada ya hapo hatugusi kitu, uhondo wako uko salama.

Kwanza, iko hivi

Breaking Bad ilianza kuonyeshwa kwenye kituo cha AMC cha Marekani Januari 20, 2008, ikamalizika Septemba 29, 2013. Ni hadithi ya Walter White, mwalimu wa kemia wa Albuquerque, New Mexico, anayeambiwa ana saratani kisha anaingia kwenye kupika dawa za kulevya.

Kwenye msimu wa 2, mwaka 2009, Walter na kijana wake Jesse wanahitaji wakili asiyeuliza maswali mengi. Anaingia Saul Goodman: suti za rangi kali, matangazo ya televisheni yenye kelele, na mdomo usiopumzika. Hata jina ni la kubuni. Ukilitamka haraka kwa Kiingereza linatoa sentensi inayomaanisha "kila kitu kiko poa, mwanangu".

Alikuwa wa kuchekesha kiasi kwamba Breaking Bad ilipofika mwisho, waandishi Vince Gilligan na Peter Gould wakaamua kumpa tamthilia yake. Hiyo ndiyo Better Call Saul. Ilianza Februari 8, 2015, na inaturudisha nyuma hadi mwaka 2002, wakati Saul hajawa Saul. Jina lake halisi ni Jimmy McGill na hana hela hata ya kutengeneza gari.

Tamthilia tanzu na tatizo lake

Tamthilia inayochomoza kutoka kwenye nyingine, kama tawi kwenye mti, tuiite tamthilia tanzu. Tanzu zina njia tatu za kuondokea.

- Kwenda mbele. Power ilimalizika Februari 9, 2020, na Septemba 6 mwaka huohuo Power Book II: Ghost ikaanza, ikimfuata Tariq baada ya kifo cha baba yake. Hapa hakuna anayejua kesho.
- Kwenda pembeni. Law & Order: Organized Crime ilianza Aprili 1, 2021, ikimrudisha mpelelezi Elliot Stabler kwenye jiji lilelile la New York, wakati uleule wa Law & Order: SVU, ila kwa kazi nyingine.
- Kurudi nyuma. Power Book III: Raising Kanan, iliyoanza Julai 18, 2021, inatupeleka Queens ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kumwona Kanan akiwa kijana. Better Call Saul iko kwenye kundi hili.

Njia ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Kanan tunamjua, ameigizwa na 50 Cent akiwa mtu mzima kwenye Power. Kwa hiyo kijana wa Raising Kanan hata afanye ujinga gani mtaani, hafi leo. Swali ambalo tamthilia za uhalifu huliishi kila siku, "atapona kweli?", limeshajibiwa kabla hata muziki wa mwanzo haujapigwa.

Ndiyo maana ufunguzi wa msimu kwenye tanzu ya namna hii una kazi ya ziada. Tamthilia ya kawaida inakukumbusha tulipoishia na kukupa hatari mpya. Tanzu inayorudi nyuma lazima ikupe *swali* jipya, kwa sababu lile la zamani halifanyi kazi tena.

2015: mlango unafunguliwa, unakutana na sura unayoijua

Sehemu ya kwanza kabisa inaitwa Uno, na watu milioni 6.9 waliitazama Marekani. Wakati huo ilikuwa rekodi ya tamthilia mpya kwenye televisheni za kulipia.

Wengi walitegemea kumwona wakili mwenye suti za rangi, wakaletewa picha nyeusi na nyeupe. Mwanaume mwenye masharubu na miwani anakanda unga kwenye duka la mikate ya mdalasini, Omaha, Nebraska. Haongei. Mteja mmoja akimkazia macho, anashikwa na hofu. Usiku anarudi nyumbani peke yake, anajimiminia kinywaji, anaweka kanda ya zamani ya video na kutazama matangazo yake mwenyewe ya enzi zile.

Mimi nilianza kuitazama kwenye simu, na dakika za kwanza niliamini kioo kimekufa rangi. Nikazima simu, nikawasha. Kumbe ndivyo ilivyo.

Huyo ni Saul baada ya Breaking Bad. Amekimbia, amebadilisha jina na sasa anaitwa Gene. Mwishoni mwa Breaking Bad alishasema kwamba bahati ikimwangukia sana ataishia kusimamia duka la namna hiyo Omaha. Ilisikika kama utani. Tanzu ikauchukua utani ule na kuufanya adhabu.

Halafu rangi zinarudi, tuko 2002. Jimmy anatetea vijana watatu waliofanya upuuzi kwenye chumba cha maiti, anategemea kulipwa vizuri, anaambulia dola 700. Gari lake ni Suzuki ya njano iliyochoka. Ofisi yake, ambayo ndiyo anamolala pia, ni chumba cha nyuma cha saluni ya kucha. Anapewa hundi ya dola 26,000 kwa ajili ya kaka yake Chuck, ambaye ni mgonjwa, na anaichana mbele ya mawakili wenye hela zao kwa sababu anaona wanamdhulumu kaka yake.

Mwisho wa sehemu hiyo anabisha hodi kwenye mlango ambao hakupaswa kuubisha. Anayefungua ni Tuco, muuza unga mwenye kichaa ambaye mashabiki wa Breaking Bad wanamjua fika.

Umeona walichofanya? Wametumia sura moja tu ya zamani, tena sekunde za mwisho. Kabla ya hapo walikuwa wamekupa mtu mpya wa kumjali: Jimmy, maskini wa Mungu, mjanja, anayempenda kaka yake. Na hapo likazaliwa swali jipya: mtu huyu aligeukaje kuwa yule?

Gene: hadithi inayosogea hatua moja kila msimu

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila msimu ukianza, dakika za kwanza ni za Gene, nyeusi na nyeupe. Ukiziunganisha unapata filamu fupi ya mtu anayeliwa na hofu.

- Msimu wa 1 (2015): anaogopa mteja aliyemwangalia tu.
- Msimu wa 2 (2016): anajifungia kwa bahati mbaya kwenye chumba cha takataka. Kuna mlango wa dharura, ila akiusukuma polisi wataitwa. Anakaa humo masaa mpaka afunguliwe. Kabla ya kutoka anachora ukutani kwamba SG alikuwa hapa.
- Msimu wa 3 (2017): anawaonyesha walinzi alikojificha kijana mwizi, kisha anashindwa kujizuia na kumpigia kelele kijana asiseme kitu, atafute wakili. Baadaye kidogo anaanguka na kuzimia kazini.
- Msimu wa 4 (2018): yuko hospitali, karani anahangaika na taarifa zake kwenye kompyuta, na yeye anatokwa jasho akidhani ameshajulikana. Anapotoka, dereva wa teksi anamwangalia sana kwenye kioo. Ndani ya teksi kunaning'inia nembo ya timu ya besiboli ya Albuquerque.
- Msimu wa 5 (2020): dereva yule anamfuata mchana kweupe na kumlazimisha atamke maneno ya tangazo lake la zamani. Gene anampigia simu mtu aliyemsaidia kutoroka mara ya kwanza, ili amhamishe tena. Halafu katikati ya maongezi anabadili mawazo na kusema atalimaliza mwenyewe.

Huyo mtu wa kwenye simu aliigizwa na Robert Forster, aliyefariki Oktoba 11, 2019. Sehemu hiyo ilirushwa Februari 2020, miezi minne baada ya kifo chake.

Kwa hiyo kila mtazamaji aliingia msimu wa 6 akiwa na deni moja kichwani: Gene amesema atalimaliza mwenyewe. Atalimalizaje? Kwa desturi ya miaka mitano, jibu lilipaswa kuja dakika ya kwanza ya ufunguzi.

Nani yuko salama, nani hayuko

Kabla hatujafika kwenye usiku wenyewe, fanya hesabu ambayo kila shabiki alikuwa anaifanya. Ni rahisi: aliyeonekana akiwa hai kwenye Breaking Bad hawezi kufa kwenye Better Call Saul, kwa sababu ya pili inatokea kabla ya ya kwanza.

Walio salama (kwa sasa):
- Jimmy/Saul mwenyewe
- Mike Ehrmantraut, polisi mstaafu anayefanya kazi chafu kimyakimya
- Gus Fring, mwenye migahawa ya kuku na biashara ya siri ya unga
- Hector Salamanca, mzee wa kengele kwenye kiti cha magurudumu

Wasio na uhakika:
- Kim Wexler, wakili, mke wa Jimmy
- Nacho Varga, kijana aliyenaswa katikati ya Gus na ukoo wa Salamanca
- Howard Hamlin, wakili mkubwa mwenye suti safi
- Lalo Salamanca, muuaji anayetabasamu

Watu wa orodha ya pili hawaonekani kabisa kwenye maisha ya Saul tunayoyaona Breaking Bad. Hakuna Kim. Hatajwi, hapigi simu, hakuna picha yake ofisini.

Hapo ndipo hofu ilipohamia. Waandishi waliona steringi hatishiki tena, basi wakamweka pembeni yake mtu ambaye wewe mtazamaji hujawahi kumwona kesho yake. Kila Kim anapocheka, unajiuliza kwa nini huko mbele hayupo. Je, amekufa? Amefungwa? Amemwacha? Rhea Seehorn, anayemwigiza, hahitaji kushikiwa bastola ili ushike kichwa. Akipanda tu gari usiku, umeshaanza kuomba.

Majina mawili yaliyotupwa 2009

Kuna kitu kingine kilichokuwa kinawasumbua mashabiki wa zamani.

Rudi kwenye sehemu ya kwanza ya Breaking Bad aliyotokea Saul, mwaka 2009. Walter na Jesse wamejifunika nyuso, wanamteka usiku, wanampeleka jangwani na kumpigisha magoti kando ya kaburi lililochimbwa. Saul, akidhani watekaji ni watu wengine, anaanza kujitetea: kosa si lake, ni la Ignacio. Kisha anataka kujua kama waliomtuma ni Lalo. Akigundua siyo, anapumua.

Wakati ule hayo yalikuwa majina tu ya kujaza mazungumzo. Hakuna mtu aliyejua Ignacio ni nani.

Ilipokuja tanzu, waandishi wakaokota majina yale na kuyapa miili. Ignacio akawa Nacho, tangu msimu wa kwanza. Lalo akaingia mwishoni mwa msimu wa 4, mwaka 2018, zaidi ya miaka tisa baada ya jina lake kutajwa.

Sasa piga hesabu. Breaking Bad inaanza mwaka 2008 kwenye hadithi, na msimu wa 6 wa tanzu uko 2004. Ikiwa miaka kadhaa baadaye Saul bado anaamini Lalo anaweza kumtumia watu wa kumuua, basi katika hii miaka ya 2004 kuna jambo zito litatokea ambalo halitamwacha Saul alale vizuri. Tena ni jambo ambalo mwisho wake hakuambiwa.

Ona sasa: kujua ya mbele hakukuondoa hofu, kuliiongeza. Ni kama kumwona jirani ana kovu usoni miaka yote, halafu leo unaonyeshwa video ya siku alipolipata. Unajua alipona. Hujui ni nani mwingine alikuwepo siku ile.

Kusubiri kulivyokuwa kurefu

Msimu wa 5 uliisha Aprili 20, 2020, dunia ikiwa ndani kwa sababu ya korona. Uliishia pabaya: watu waliotumwa na Gus wamevamia nyumba ya Lalo huko Mexico kumuua, Nacho ndiye aliyewafungulia geti, na Lalo akapona. Huku Albuquerque, Kim alikuwa anamshawishi Jimmy wamharibie Howard jina lake, na hata Jimmy mwenyewe alishtuka kuona mke wake hatanii.

Mashabiki wakasubiri karibu miaka miwili kamili.

Na katikati ya kusubiri huko, Julai 27, 2021, Bob Odenkirk anayemwigiza Saul akaanguka wakati wa kurekodi, New Mexico. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Wenzake Rhea Seehorn na Patrick Fabian walikuwepo karibu naye, akapata msaada na kukimbizwa hospitali. Septemba mwaka huo alirudi kazini.

Kwa siku chache, ile sheria ya steringi hafi ilipotea maana yake kabisa. Mhusika alikuwa salama kwenye karatasi, aliyembeba ndiye alikuwa hatarini.

Aprili 18, 2022: wanaivunja desturi

Hatimaye usiku ukafika. AMC walirusha sehemu mbili mfululizo: Wine and Roses, kisha Carrot and Stick.

Skrini inafunguka. Vitu vinaanguka taratibu, kimoja baada ya kingine. Ni tai. Picha ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo unajiambia sawa, ni Gene, tumerudi Omaha.

Halafu rangi zinaingia.

Siyo Omaha. Ni nyumba ya Saul Goodman, ile aliyoikimbia mwishoni mwa Breaking Bad. Jumba la kifahari lililojaa vitu vya kujionyesha, choo cha rangi ya dhahabu kikiwemo. Saul hayupo. Waliopo ni watu wa serikali na wabeba mizigo, wanahesabu, wanafunga, wanatoa nje. Suti zinabebwa. Sanamu la karatasi ngumu lenye sura ya Saul linaishia kwenye pipa la takataka. Kamera inapita chumbani na kutuonyesha kitabu cha H. G. Wells, The Time Machine, kinachohusu mtu anayesafiri kwenye wakati. Hakuna anayesema neno la maana. Kinachosikika ni muziki mtamu wa kizamani.

Mwisho kabisa, wanapakia kabati kwenye lori. Droo inafunguka kidogo, kitu kidogo kinadondoka, kinabingirika hadi kwenye mfereji wa barabarani. Wabeba mizigo hawakioni. Lori linaondoka.

Ni kizibo cha chupa ya tekila.

Kama ulianza kutazama usiku ule, ungesema basi, kizibo tu. Lakini aliyefuata tangu mwanzo alishika mdomo. Kizibo hicho tulikiona kwenye ufunguzi wa msimu wa 2, mwaka 2016. Jimmy na Kim walikaa baa, wakamlaghai mfanyabiashara mmoja mwenye majigambo awanunulie tekila ya bei mbaya, chupa nzima, kisha wakaondoka. Kim akaondoka na kizibo, ukumbusho wa usiku walipokuwa na raha kuliko siku zote.

Sasa kiunganishe. Yule Saul tunayemjua, mwenye kelele, asiyejali mtu, mwenye choo cha dhahabu, miaka yote hiyo alikuwa na kizibo cha Kim kwenye droo. Hakukitupa. Na Kim hayupo nyumbani humo.

Kwa nini dakika zile zilitosha

Kila aliyekaa kutazama alikuwa anadai jibu kuhusu Gene, nalo likaahirishwa. Badala yake akapewa swali zito zaidi bila mtu kufungua mdomo. Tulikuwa tunauliza: Kim atakufa? Ufunguzi ukauliza: Jimmy alimpotezaje, na kilichobaki ndani yake baada ya hapo ni nini?

Mimi naona hapo ndipo sheria ya vibanda inapopigwa chenga. Steringi hafi, sawa. Saul hafi. Ila *Jimmy* je? Yule aliyechana hundi ya dola 26,000 akiwa na njaa? Kwenye jumba lile hakuna dalili yake hata moja, isipokuwa kile kizibo, nacho kimeishia mtaroni.

Ukishaona hivyo, yote yanayofuata kwenye sehemu mbili zile yanabadilika uzito.

Kim anamwambia Jimmy kwamba Saul Goodman anahitaji ofisi yake na gari la kuonekana. Ni maongezi ya mke na mume wanapanga maisha, wanacheka. Lakini wewe umetoka kuona mwisho wa hayo maisha yakipakiwa kwenye lori. Kumbe aliyesaidia kumchora Saul ni yeye.

Jimmy anaingia kwenye klabu ya matajiri na kuweka kifuko cha unga mweupe kwenye kabati la Howard. Kinadondoka mbele ya wakili mwenzake mzee, na sumu imeshaingia. Inachekesha, mpaka ukumbuke Howard yuko kwenye orodha ya pili.

Kwenye sehemu ya pili wanakwenda kwa mume na mke matapeli wa zamani, ambao sasa wanaibia wazee kupitia huduma ya kujaza fomu za kodi. Jimmy anataka kuwapoza kwa pesa. Kim hana muda huo. Anachukua simu, anawatisha kuwaripoti kwa mamlaka ya kodi, wanalegea. Jimmy anamwangalia mke wake kama mtu aliyefungua mlango wa nyumbani akakuta chumba ambacho hakuwahi kukijua. Wanapoondoka, kuna gari linawafuata.

Huko Mexico, Lalo anaua mtu aliyefanana naye na kuacha mwili ili dunia iamini amekufa. Nacho amejificha kwenye nyumba ya wageni iliyochakaa, akisubiri msaada ambao mtazamaji anaona wazi haueleweki.

Hesabu risasi zilizopigwa kwa Jimmy na Kim kwenye sehemu hizo mbili: hakuna hata moja. Na bado hukai vizuri kwenye kiti.

Ukitaka kuitazama sasa

Better Call Saul ina sehemu 63, moja zaidi ya Breaking Bad yenye 62. Msimu wa 6 una sehemu 13 na ulirushwa kwa mafungu mawili: Aprili 18 na Julai 11, 2022, ukamalizika Agosti 15 mwaka huo. Ilitajwa kuwania tuzo za Emmy mara 53 na haikushinda hata moja, jambo ambalo mashabiki hawajalimeza mpaka leo.

Mambo matatu ya kuzingatia:

1. Anza na Breaking Bad. Unaweza kuanza na tanzu, utaelewa. Ila utakosa ile hofu ya kujua nani hayupo kesho, na hiyo ndiyo nusu ya utamu.
2. Usiruke utangulizi. Tunaotazama kwa simu, huku tunapiga hesabu ya bando, tuna tabia ya kusogeza mbele dakika zisizo na maongezi. Hapa dakika za kimya ndizo zenye habari. Ukiruka Gene, ukiruka kizibo, umeruka hadithi.
3. Shika vitu vidogo. Kikombe, pete, kizibo, tai. Kitu kikikaa kwenye kamera sekunde tatu, kumbuka ulipokiona. Kitarudi, hata kama ni baada ya miaka sita.

Na siku nyingine ukianza Raising Kanan au tanzu yoyote inayorudi nyuma, usihangaike na swali la kama steringi atapona. Ameshapona. Angalia waliokaa naye meza moja, kisha jiulize ni yupi kati yao hujawahi kumwona huko mbele.